Kufuata Skrubu ya Simu hadi Kajiado

Kuku ndiye aliyenitoa nyumbani. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, simu za mkononi zikiwa bado za matajiri, na hapa kwetu Kitengela mimi na mzee wangu tulikuwa na simu nyeusi ya kuzungusha, nzito kama jiwe la kusagia. Sisimizi waliingia ndani yake. Nikaifungua mlangoni niwafagie, na kuku mmoja akadonoa skrubu inayoshika kengele, akaimeza. Jioni ileile tulimchinja mshukiwa, tukapekua firigisi kwa maombi. Hatukuona kitu. Alikuwa kuku asiye na hatia, na mtamu sana.

Simu ikawa bubu. Na wakati huo binti yetu Ndinda, baada ya miaka tisa ya kumngojea Mungu, alikuwa amelazwa hospitali huko Kakamega, karibu kujifungua mtoto wa kwanza. Mumewe angetupigia kutoka kibanda cha simu, na sisi hatukuwa na njia ya kumpata. Siku nzima nikawa nainua mkono wa simu kila baada ya dakika chache, nikisema "Halo" hewani. Mzee akanitazama.

"Mama Ndinda, na kama anapiga wakati huohuo umeshika? Si atadhani tunaongea na watu wengine?"

Niliuweka chini kama kaa la moto.

Alhamisi asubuhi fundi wa redio alikuja nyumbani na kopo zima la skrubu. Akajaribu moja baada ya nyingine, jasho likimtoka.

"Shosho, zangu ni za milimita. Simu yako ni ya zamani, ya inchi. Meno hayawezi shikana hata ukiomba."

"Nimeshaomba."

"Basi enda Kajiado. Kuna mzee alikuwa anapanda nguzo za simu. Ako na mabaki." Akanipa skrubu sita zisizofaa, bure, eti nisisafiri mikono mitupu.

Saa nne nilikuwa barabarani. Baada ya Isinya nyika ilifunguka, pundamilia wamesimama kando kama watu wanaongoja ibada ianze, nami nikaimba nyimbo tatu nzima. Abiria wa jirani akaniuliza ninaenda arusi ya nani. Nikamjibu ninaenda kutafuta skrubu. Hakuniuliza tena.

Saa sita, Kajiado. Mzee wa nguzo nilimkuta barazani kwake, amezungukwa na maganda ya simu yaliyo matupu kabisa.

"Umechelewa, mama. Kengele ya mwisho alichukua Mama Naisula, na skrubu yake, akamfungia mbuzi. Skrubu za simu hizi zote ni moja, hiyo ingekufaa. Vuka reli, halafu fuata sauti."

Nilivuka reli. Sikuwa nimeenda mbali, simu ikalia vichakani. Ngring! Miguu yangu, ambayo kanisani hupewa kiti cha mbele kwa huruma, ilikimbia yenyewe. Akatokea beberu mwekundu, anatafuna.

Nyuma yake alikuwa Mama Naisula mwenyewe, mwanamke mrefu mwenye fimbo. Nikamsalimu kama tulivyojifunza kwa majirani zetu: "Takwenya."

"Iko," akaitikia, kisha akaniita bibi kwa lugha yao: "Koko, unafukuza beberu yangu ya nini?"

"Nilidhani ni simu."

Alicheka mpaka akaegemea fimbo. Nilipomweleza habari ya Ndinda, akaacha kucheka.

"Miaka tisa? Lakini hii kengele ndiyo mbuzi wote wanafuata. Ikinyamaza, wanapotea."

Nikamwaga zile skrubu sita kiganjani. Kwa kengele ya mbuzi, tundu ni tundu tu. Nikashika pembe, yeye akashika kisu. Beberu alinizungusha kichaka mara mbili, kitambaa changu cha kichwa kikabaki mwibani, Mama Naisula akipiga kelele, "Shika, Koko! Shika kama ya kwako!" Skrubu ya zamani ikatoka, mpya ikaingia, akaikaza kwa waya. Beberu akatikisa kichwa. Ngring! Kundi lote likamgeukia.

Kabla ya kunipa ile skrubu, aliitemea mate kidogo. Ndivyo watu wa huko wanavyobariki. Sikuifuta. Niliifunga katika leso, nikamshukuru kwa lugha yake, "Ashe oleng," nikaona haya zote za utu uzima zimenitoka. Nilikuwa nacheka kama msichana.

Saa kumi na moja nilikuwa Kitengela. Niliikaza kwa ncha ya kisu cha jikoni. Ilizunguka, ikauma. Mzee akasema polepole, "Bwana asifiwe."

Ijumaa asubuhi, tukiwa tunafunga maombi, ikalia. Ee, ikalia! Mzee aliruka na kupiga makofi. Nikaanzisha wimbo. Jirani aliingia na vigelegele, akipaza sauti, "Inalia! Inalia!" Tukazunguka meza watu watatu, tukimtukuza Mungu, hadi ikanyamaza.

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa ameishika.

Ilipolia tena niliidaka kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Mama, mbona hamshiki?" Alikuwa mkwe wetu. " Ni msichana! Yeye na Ndinda wote wazima."

Kwa safari ile namshukuru Mungu, pamoja na wote niliokutana nao, yule beberu akiwamo. Na nilichojifunza ni hiki: ombi lako likijibiwa, shika kwanza, ndipo uimbe.