Jua Lililotazama Kapolowe

Jumamosi nilikuwa nasukwa nywele sokoni hapa Likasi, binti yangu mchanga akilala mapajani. Kando yangu alikaa msusi mwenye karata za tarot, zile za kubashiria, ambaye wateja humuuliza maswali ya ndiyo au hapana. Sheria yake tunaijua sote: picha ikitokea wima ni ndiyo, ikitokea kichwa chini ni hapana.

Msichana mwenye mimba kubwa akaketi mbele yake. Alitoroka kwao Kapolowe kumfuata mwanamume, na mwanamume huyo ameshamwacha.

"Yaya, dada yangu mkubwa, nikirudia nyumbani, mama atanipokea?"

Msusi akafunua karata. Lilikuwa jua, na sisi wa upande wake tuliliona kichwa chini. Akaifuta karata kwa kitambaa bila kuigeuza.

"Kule kwako unaiona namna gani, mudogo yangu?"

"Iko wima."

"Basi ni ndiyo."

Mteja mwingine akapiga makofi. "Eh, yaya! Uko nageuza sheria!"

"Nani eko naenda Kapolowe, weye ao ye? Karata inasomewa upande ya mwenye kuuliza."

Msichana akacheka huku machozi yakimtoka, akaomba asukwe kwanza, mama yake asije akamwona na nywele timutimu.

Wajuzi wa karata watasema msusi alikosea. Mimi sizijui. Ninachojua ni kwamba huyu wa mapajani akinirudia siku moja na tumbo lake, nitamfungulia mlango, hata jua likiwa limesimama kwa kichwa.