Mama Mkwe Alitaka Mguu Wangu Ulainike Kama Ugali

Admin, nifichie jina, maana mawifi zangu wote wako humu na wanasomaga kila kitu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 32, naishi Nyasho, Musoma. Nina mume na mtoto mmoja wa kike, Bhoke. Mguu wangu wa kushoto ulikatwa chini ya goti baada ya ajali ya bodaboda njia ya Bunda. Nilikuwaga nauza dagaa Mugango, sikai chini. Baada ya hapo nikawa mtu wa magongo na kushinda mlangoni.

Mume wangu anafanyaga kazi karakana moja wanayeyusha ndoo na viti vibovu vya plastiki, wanachanganya na nyuzi fupi nyeusi za kaboni, inatoka plastiki ngumu ajabu. Alinielezaga mwenyewe kwamba zile nyuzi lazima zibaki na urefu wake, zigusane na kushikana huko ndani kama nyasi za kiota. Akaomba kwa bosi wake anitengenezee mguu. Jamani, nililia kwa furaha. Nilikuwa na mimba kubwa, nikasema huyu nitambeba mgongoni mwenyewe.

Siku hiyo tulienda na mama mkwe, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Butiama. Plastiki ikatoka mashineni inakwaruza, nyuzi zinaonekana. Mama akaguna. Kwake ugali wa udaga, ule wa muhogo, ukiwa na madonge, mpishi anarudishwa jikoni. Akamwambia mwanaye, "Hiki nacho utamvalisha mtu? Rudisha ukisonge mpaka kilainike."

Na mume wangu, anayejua kazi yake, akarudisha. Akarudisha tena na tena mpaka mama akaridhika, kwa sababu kwao mwanaume habishani na mama yake mbele za watu. Mguu ukatoka unang'aa, kila mtu anausifia.

Wiki haikuisha. Nilikuwa nashuka ngazi na beseni la nguo, ukakatika. Nikaangukia tumbo. Mtoto hakupona.

Bosi wake alikata kipande cha ule mguu uliovunjika tukiwepo mimi na mume wangu. Nyuzi zilikuwa zimesagika unga, hakuna iliyofika kwa mwenzake. Alisema plastiki ilirudishwa mashineni mno. Mume wangu akainama.

Mama mkwe hajaambiwa. Anawatangazia majirani kuwa mimba haikai kwa mwanamke asiyejua kukanyaga chini, na anataka mwanaye aoe mwingine. Mume wangu anasikia, anakula, anaenda kulala. Nilimwomba aseme ukweli mara moja tu. Akanijibu, "Mama Bhoke, nikimwambia ameua mjukuu wake, atakufa. Wewe vumilia."

Mimi ndiye nivumilie. Niliyezika.

Sasa ametengeneza mguu mwingine. Huu kaupitisha mashineni mara moja tu, unakwaruza, mgumu kama chuma, najua hautavunjika. Ananibembeleza niuvae, eti nikitembea maneno yataisha. Nikiuangalia roho inakufa ganzi. Wazazi wangu walishafariki, ng'ombe za mahari zililiwa zamani, na Bhoke ni wa ukoo wao, hawataniachia. Nikiuvaa bila ukweli kusemwa, wataona nimekubali kwamba kosa lilikuwa langu. Nikiukataa, mwanamke mwingine anaingia.

Ndugu zangu, nishaurini. Niuvae nisimame, sawa, lakini nikishasimama niende wapi?