Kutu ya Miezi Saba

Lori lilirudi kutoka Kitale likiwa na rangi mpya ya bluu, linang'aa mpaka majirani wakatoka kuliangalia. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alishuka akanikabidhi ufunguo kama mtu aliyenijengea nyumba. "Shemeji, sasa hata inspeksheni itapita tu," akasema. Nikamshukuru. Nikamchinjia kuku. Kila nikimkumbuka yule kuku damu inanichemka upya.

Alipoondoka nilichukua spana kubwa ya mume wangu nikaanza kulizunguka lori nikiligonga. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kila Jumapili baada ya kanisa, hata kabla ya kuvua suti: anagonga, anatega sikio, anasonga mbele. Chuma kizima hulia. Kilichooza hakisemi kitu. Mlango wa dereva ulilia vizuri. Nikafika chini ya bodi, pale mbao za kubebea mzigo zinapolalia chuma, nikagonga, na spana ikazama ndani. Nilipoivuta ilitoka na bonge la fila, ile lipu ya kuzibia bodi ya gari, kubwa kama sahani, na nyuma ya fila kulikuwa na gazeti. Gazeti, jamani. Walilikunja wakaziba tundu, wakapaka fila juu yake, wakapiga msasa, wakamalizia na ile bluu yao. Nilikaa chini kwenye nyasi nikatoa matusi ambayo sikujua kama ninayajua.

Na mtu asiniambie lilikuwa lori kuukuu tu. Lori hilo lilitulisha miaka yote ya ndoa yangu. Lilitoa mbolea Kitale likaleta Myanga na Bumula, na wakati wa mavuno likabeba mahindi. Mume wangu alinifundisha kuliendesha mwenyewe, na leseni ninayo. Alipofariki, wazee wa ukoo hatimaye walikaa wakaamua lori ni langu, lakini kwa sharti: lipite ukaguzi kabla mahindi ya Kitale hayajaisha mashambani. Likishindwa, shemeji aliuze, nami nitafute kitu kingine cha kufanya. "Mwanamke na lori wapi na wapi," mmoja wao alisema, na mimi nimekaa pale pale. Shemeji ndiye aliyejitolea kulipeleka kwa fundi wake. Sasa nilikuwa nimemwelewa. Alikuwa analipamba apate bei, na kama ningelipeleka kwenye ukaguzi hivyo hivyo, lingeanguka siku hiyo hiyo na yeye angekuwa na mnunuzi tayari.

Asubuhi nililiendesha hadi Bungoma, kwa fundi mmoja mzee mwenye karakana nyuma ya msikiti. Aliingia chini ya gari akakaa huko muda mrefu, nikasikia tu akikwaruza na bisibisi. Alipotoka alikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye ndevu.

"Mama, hii lori ilikuwa inalala wapi?"

"Nyumbani, Bumula."

"Na ikilala, ilikuwa imebeba nini?"

Swali hilo sikulijibu siku hiyo. Jibu lake ni hili. Mume wangu alikufa msimu wa kupanda. Siku hiyo alikuwa ameshusha mbolea Myanga, na magunia mawili matatu yalikuwa yamepasuka yakamwaga bodi nzima. Alifika nyumbani akalalamika kifua, na jioni hiyo hiyo akaondoka. Ilikuwa safari yake ya kwanza ya mbolea kuingia nyumbani bila kufagia. Siku zote alikuwa hali chakula kabla ya kuchukua ufagio wake mgumu, uliotundikwa kwenye msumari nyuma ya kebini, akafagia bodi yote, kisha akamwaga maji ndoo baada ya ndoo. Nilikuwa namnunia kwa sababu ugali unapoa.

Baada ya mazishi, baba mkwe alisimama mbele ya watu akasema hakuna mtu kugusa kitu cha marehemu mpaka siku ya wazee kukaa na kugawa. Ndivyo kwetu kulivyo, na kwa kawaida ni jambo la wiki chache. Lakini shemeji lazima awepo, na shemeji kila tarehe ikifika alikuwa na shughuli Kitale. Leo hawezi, mwezi ujao hawezi. Ikafika miezi saba. Na ile ilikuwa miezi ya mvua, mvua ya kwetu isiyokosa saa tisa alasiri. Mbolea iliyomwagika ikawa uji, uji ukapenya katikati ya mbao, ukakaa juu ya chuma.

Nilimwambia fundi kutu nitaikwangua mwenyewe. Alikataa. Nikamwambia basi nitakaa hapo nje nimwangalie mpaka achoke na mimi. Akacheka, akanipa brashi ya waya.

Tulifanya kazi wiki tatu. Tuling'oa mbao zote, na chini yake mbolea ilikuwa imeganda ngumu, tukaipasua kwa patasi. Fundi alinifanya nioshe chuma kwa maji safi mara tatu kabla ya kukwangua, kwa sababu alisema ukipaka rangi juu ya mbolea umeifungia ndani iendelee kula polepole. Palipooza alikata na kuchomelea chuma kipya. Palipobaki pazima tulikwangua mpaka pakawa peupe, tukapaka dawa ya kutu, na asubuhi ya jua kali tukapaka praima nyekundu, ile rangi ya msingi, mara mbili, halafu rangi yenyewe. Saa saba ikifika anafunga makopo, hata wingu likiwa moja tu, upande wa Kibabii. Watu waliopita barabarani kila mmoja alikuwa na ushauri. "Si mpake tu oili chafu, bana, muachane nayo." Fundi alikuwa hawaangalii. Aliniambia mimi, "Oili ni ya mwisho, mama, ya kuingia kwa maungio. Ukianza na oili, rangi itashika nini?"

Vipande alivyokata nilivitia kwenye gunia, kila kimoja, na gazeti lake. Nilipokuwa nakwangua sikuwaza kitu kingine. Niliwaza jinsi nitakavyolimwaga gunia hilo mbele ya shemeji, na maneno nitakayomwambia, na kila siku niliyaongezea chumvi.

Lori likapita ukaguzi. Mkaguzi aligonga kila mahali na chuma kikamwitikia. Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa baba mkwe, nikawakuta baba na shemeji wakinywa chai. Nikamimina gunia mezani, kando ya vikombe.

"Gari limepita," nikasema. "Na hii ndiyo kazi ya fundi wako, shemeji. Soma gazeti lako."

Alilitazama gazeti, akanitazama. "Ati sasa mimi nilijuaje alichoweka ndani? Hiyo ni uzee ya gari tu, shemeji."

Baba mkwe aliokota kipande cha chuma. Kilimvunjikia mkononi, kikamwagika kwenye suruali yake ya kanisani. Ni mtu aliyeendesha trekta ujana wake wote, chuma anakijua.

"Uzee hauli hivi," alisema. "Nani aliozesha gari ya mtoto wangu?"

Alikuwa anauliza kweli. Nilimtazama nikaona amesahau kabisa. Na maneno yote niliyokuwa nimemwandalia shemeji yakamhama yakamwendea mzee.

"Gazeti ni la huyu," nikasema. "Miezi saba ni yako, baba. Wewe ulisema lisiguswe, na mbolea ilikuwa ndani."

Hakuna mkaza mwana aliyewahi kumwambia hivyo katika nyumba ile. Shemeji aliweka kikombe chini. Nilikuwa tayari kwa lolote, kufukuzwa, kutukanwa, kunyang'anywa ufunguo. Mzee alijipangusa suruali, akazidi kuipaka ile kutu.

"Ni kweli nilisema," akajibu. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, "Na wewe, mama, ulikuwa wapi?"

Nilikuwa hapo. Kila asubuhi nikienda kukamua nilipita nyuma ya kebini, na ufagio ulikuwa kwenye msumari wake, nami nilinusa ile mbolea nikanyamaza, kwa sababu sikutaka mtu aseme mjane amevuka neno la mzee.

"Nilikuwa napita karibu na ufagio, baba," nikamwambia. "Ingenichukua dakika kumi."