Mama Aliyesimama Duara la Nje

Hadi leo nikisinzia baada ya chakula cha mchana, naiona atomi ya sodiamu. Haiko kitabuni. Iko kwenye uwanja wa mchanga mwekundu, Dodoma, na imevaa kandambili.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, maduka yameanza kujaa sabuni za kila rangi na kila aliyejua kusoma amefungua darasa la jioni. Mimi nilikuwa naosha chupa kwenye maabara ya hospitali. Nimeosha chupa nyingi kuliko nyota. Mkuu wa maabara alinipenda, lakini maneno yake yalikuwa yale yale: "Kijana, lete kemia, koti jeupe linakusubiri. Usipoleta, chupa ndizo zako." Nami kemia nilikuwa nimeshaifeli mara mbili.

Nikajiunga na darasa moja la jioni. Tulisomea katika shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto, magoti yanatugusa masikio. Mwalimu wetu alikuwa mdogo kuliko wengi wetu. Mkubwa kuliko wote alikuwa mama mmoja muuza mchicha kutoka Miyuji. Yeye alimwamkia shikamoo kwa sababu ni mwalimu, na mwalimu akamwamkia shikamoo kwa sababu ni mama. Shikamoo mbili ziligongana hewani, na marahaba haikutokea muhula mzima.

Jioni moja umeme ulikatika. Mwalimu akatutoa nje, jua bado linang'ang'ania vilima, vumbi limegeuka dhahabu. Akachora kwa fimbo maduara matatu, moja ndani ya jingine, yeye akasimama katikati.

"Mimi ni kiini. Ninyi ni elektroni. Mko wangapi? Kumi na mmoja! Basi leo sisi ni sodiamu."

Wawili duara la ndani, wanane la pili, nami nikiwa mmoja wa hao wanane. Akabaki mama. Akapelekwa duara la nje, peke yake.

"Zungukeni!"

Tukazunguka. Upepo wa Dodoma, ule unaoweza kumhamisha ng'ombe wilaya, ukatulia kututazama. Treni ikapiga honi upande wa stesheni ya Zuzu, na kwa muda kidogo nilisahau kama nina miguu. Kisha nikamwona mama kule nje, kitenge kinapepea, hana wa kuongea naye. Adabu ikanisukuma. Nikatoka duara langu, nikaenda kutembea naye.

"Wewe!" mwalimu akapiga kelele. "Umeniharibia sodiamu!"

"Mwalimu, tumwache mama mtu mzima peke yake huko?"

"Kweli kabisa," akadakia fundi cherehani wa duara la ndani. "Aje huku kwetu, mimi niende nje."

"Huko ndani mmeshajaa! Kila mtu arudi mahali pake!"

Nikarudi. Pale pale muuza kahawa akapita nje ya ua, akigonga vikombe vyake. "Mama, karibu kahawa!"

Mama hakufikiria mara mbili. "Ninyi zungukeni. Mimi huku nje hakuna anayenishika." Akaenda zake.

Nilidhani mwalimu atalia. Kumbe akaruka juu karibu atue kijiji cha Mtumba. "Mmeona? Mmeona! Yuko mbali na kiini, yuko peke yake, akiitwa kidogo tu anaondoka! Ndiyo sodiamu hiyo! Na muuza kahawa ndiye klorini, akishamchukua tunapata chumvi! Na sisi tuliobaki sasa tuna chaji chanya!"

Mtihani ulipofika, swali lilikuwa pale, limekaa kama mgeni: kwa nini sodiamu hupoteza elektroni moja kwa urahisi? Nikafumba macho. Vumbi la dhahabu likarudi, vikombe vikagongana. Niliandika mpaka kalamu ikapata joto, na kidogo nichore kitenge.

Nilipata D, ya kufaulia tu, lakini D nene, yenye tumbo kama la mfanyabiashara. Siku niliyopewa koti jeupe nililivaa moja kwa moja hadi Miyuji. Nikamkuta mama jikoni, anatia chumvi kwenye mchicha.

"Shikamoo mama. Nimepita. Nimekuandika wewe."

"Marahaba baba! Umeniandika nini tena?"

"Kwamba ukiitwa kahawa unaondoka. Na humo kwenye chumvi ndimo ulimo, ulishamfuata klorini."

Akatazama chumvi iliyobaki kiganjani, akacheka, akairudisha yote koponi taratibu, asimwage hata chembe.

"Basi kaa ule," akasema. "Mimi mwenyewe nimo."