Salamu za Baba Zilivyotudanganya

Baba yangu alilima shamba la pamba ambalo lilikuwa limeshaota. Aliwafunga maksai asubuhi kama kawaida, akashika plau, na jua lilipokuwa kali alikuwa ameifukia zaidi ya nusu ya miche aliyoipanda mwenyewe wiki mbili kabla. Kaka yangu mkubwa, anayeishi naye kule Sapiwi, alinipigia simu akicheka. "Mzee kachoka," akasema. Mimi sikucheka. Mtu aliyelima pamba tangu ujana wake hachoki kiasi cha kutoiona pamba.

Nafundisha shule ya msingi hapa Bariadi mjini, na kazi hii imenifunza kumtambua mtoto asiyejua na mtoto anayeficha kwamba hajui. Jumamosi ile nilichukua bodaboda nikaenda kumwangalia baba. Nikamkuta anaficha.

Alikuwa anaficha kwa salamu. Kwetu Usukumani salamu si neno moja ukapita zako. "Mwangaluka," anakuambia asubuhi, nawe unaitikia, kisha anauliza mmelalaje, mvua imefika kwenu, ng'ombe wanapata majani, nyumbani wote wazima. Unaweza kuongea na mtu robo saa nzima bila kumtaja jina, na ukaonekana una adabu kuliko wote. Baba alikuwa fundi wa hilo tangu zamani. Akili ilipoanza kumtoroka, salamu zilibaki salama, naye akajibanza nyuma yake. Siku ile aliniita mayu, kama mzee yeyote wa kwetu anavyomwita mwanamke yeyote. Nilikaa naye mpaka saa nane mchana, hakulitamka jina langu hata mara moja.

Nikamwambia kaka tumpeleke hospitali. Sikuwa naomba muujiza. Nilitaka baba aujue ugonjwa wake angali na akili ya kuujua, aseme mwenyewe anataka kutunzwa na nani, na mashamba yake ayagawe kwa mdomo wake. Kaka akaniuliza kama nataka mzee aitwe kichaa. Shangazi, dada yake baba, akaitwa kutoka Binza kule Maswa aje aamue. Alisalimiana na baba karibu nusu saa, kisha akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Huyu ni mzima. Ameniuliza mpaka habari za mvua."

"Amekuuliza nini kingine?"

"Ameniuliza kama mume wangu hajambo."

"Shangazi, mumeo tulimzika mwaka jana. Baba ndiye aliyesimamia kuchimba kaburi."

Akasema sisi walimu tuna mdomo. Kesi ikaishia hapo, na aliyehukumiwa ni mimi.

Ilichukua miezi mitano wakubali, tena shingo upande. Asubuhi ya kwenda, baba akinywa uji, kaka alikuwa amechuchumaa mbele yake anamfundisha. Leo ni Jumanne. Wajukuu wako ni saba. Tunakwenda Bariadi. Alimrudishia tena na tena kama mimi ninavyowafundisha watoto kabla mkaguzi hajafika. Nilimwambia aache. Akanijibu kwamba mtoto mwenye akili hampeleki baba yake mbele ya watu akaaibike.

Na mle ndani kwa daktari kaka akawa anajibu yeye. Daktari, kijana mpole, anamuuliza baba, kaka anajibu. Nilikuwa nachemka. Halafu daktari akanyoosha kidole kwangu, akamuuliza baba, "Huyu ni nani wako?" Baba akanigeukia. Nikayaona macho yake yakihangaika usoni kwangu, yakitafuta. Nikashindwa kuvumilia. Nikasema, "Baba, si mimi mwanao wa mwisho?" Akacheka kwa nafuu. "Mwanangu wa mwisho huyu," akamwambia daktari. Basi. Tukarudi na dawa za presha, na neno kwamba uzee una mambo yake. Daktari simlaumu, aliona kile tulichomwonyesha. Ninajilaumu mimi, maana kaka alifanya asilolijua, mimi nilifanya ninalolijua.

Uliofuata ulikuwa mwaka wa upuuzi. Shangazi alileta mganga, mganga akasema kuna jirani anayetuonea wivu kwa ajili ya ng'ombe wetu, na kaka akaacha kusalimiana na jirani aliyetusaidia kuvuna miaka yote. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema kila siku, hasa kwenye misiba ya watu wengine. Nikipiga simu naambiwa mzee anakula vizuri. Kula vizuri. Hata ndama anakula vizuri.

Baba akaja kupotea siku mbili. Alipatikana njia ya Lamadi, miguu imevimba, anatafuta fahali aliyekufa kabla mimi sijazaliwa. Hapo hakuna aliyebisha tena. Tukaenda hospitali nyingine, kwa daktari mwanamke mtu mzima ambaye jambo la kwanza alilofanya ni kutuamuru mimi na kaka tunyamaze. Alimsalimu baba kwa Kisukuma, akamwacha amalize salamu zote. Kisha akaanza kumuuliza. Akampa karatasi na kalamu achore saa ya ukutani. Baba aliishika ile kalamu muda mrefu, akairudisha kwa mikono miwili, kwa heshima.

Daktari alituambia ni ugonjwa wa ubongo, unaoula ufahamu kidogo kidogo. Akauliza tuliona dalili lini. Nikataja mimi lile shamba la pamba. Akahesabu kimoyomoyo, akavua miwani. Kuponya, alisema, asingeweza hata wakati ule. Lakini wakati ule mzee angeelewa, angeuliza maswali, angetupangia mambo yake. Alitueleza taratibu, bila kutugombeza, na ningependa zaidi angetugombeza.

Baba alikuwa anamsikiliza kwa makini, mikono magotini. Daktari alipomaliza, baba akatugeukia mimi na kaka, uso umejaa huruma.

"Poleni sana, wanangu," akasema. "Na mgonjwa mwenyewe mmeshamwambia?"

Nikamjibu mimi.

"Tumechelewa, baba."