Picha ya Mama Kwenye Chupa za Ukwaju

Jina langu lifichwe tafadhali, Tabora tunajuana. Mimi ni bibi wa miaka sitini na sita. Anayeniandikia hapa ni mjukuu wangu, na hata yeye ameshtuka.

Familia yetu inauza juisi ya ukwaju tangu enzi za Ujamaa. Wateja wanaambiwa kwamba sukari ilipoadimika madukani, marehemu mama alibuni kutumia asali. Uongo mtupu. Aliyebuni ni wifi yangu, mke wa kaka, binti wa Kimoraviani kutoka Itetemia aliyesilimu ili aolewe kwetu Chemchem. Baba yake alikuwa mrina asali.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, kazi yangu kuosha mtungi wa juisi. Kila siku wifi alinisisitiza: "Wifi, mwagia maji ya moto, kisha uanike juani. Asali ikikuta masalia inachacha." Siku moja ya Ramadhani nikashikwa na uvivu. Nikamimina juisi mpya juu ya masalia, ikakaa mpaka futari ya kesho yake.

Siku hiyo baba alikuwa amealika wazee wa msikitini. Wa kwanza alipiga funda moja, akatema. "Hii si juisi, huu wanzuki!" Pombe ya asali, jamani, kwenye futari ya nyumba yetu! Mama akamgeukia wifi: "Kumbe ulisilimu mdomoni tu!"

Wifi akaniangalia. "Wifi, mtungi uliuosha?"

"Niliuosha."

Wiki hiyohiyo kaka akamwacha. Sukari bado ilikuwa haipatikani, kwa hiyo mama akaendelea na asali ileile, ila mtungi akawa anauosha mwenyewe. Hakuniambia kwa nini, nami sikuuliza.

Sasa watoto wa kaka, aliozaa na mke aliyemwoa baadaye, wanachapisha lebo mpya Jumatatu, zenye picha ya mama na neno "Mwanzilishi". Roho ikanisuta, nikapanda treni mpaka Bukene anakoishi wifi, nimweleze kila kitu. Alinipokea kwa furaha, akanikamata mikono. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Wifi, nisamehe. Niliwaaibisha mbele ya wazee. Nafikiri asali niliyoleta ilikuwa na kasoro. Toka siku ile sijatengeneza juisi tena."

Nilikunywa chai yake nikaondoka bila kukiri. Nikisema, namvua mama heshima kaburini, na kaka mgonjwa wa presha ndiyo namuua. Nikinyamaza, wifi atakufa akijilaumu kwa uvivu wangu.

Niambieni ukweli hata kama unauma. Jumatatu haiko mbali. Nifanye nini?