Wimbi kwenye Sponji

Sijawahi kusema uongo kuhusu seli, na hilo ndilo linalonikera zaidi.

Uboho ndani ya mifupa ya dada yangu uliacha kutengeneza damu. Kila baada ya wiki chache huongezewa, na hospitali hututaka tulete jamaa wa kutoa damu ili hazina isikauke. Kazi ya kuwatafuta ni yangu. Mimi hutengeneza mizani mjini Eldoret. Shule niliiachia kidato cha pili, lakini nilipousikia ugonjwa wake nilianza kusoma kwenye simu, kamusi mkononi, neno moja moja.

Jumapili moja mumewe dada, shemeji yangu, alikuja kwetu Kimumu pamoja na jamaa zake wa kijiji cha Ziwa, kumwombea dada. Wanane kati yao walikuwa wameahidi kutoa damu Jumanne. Baada ya maombi nikaona niwaeleze sayansi imefika wapi. Nilileta sahani, konzi ya punje za wimbi na kipande cha sponji ya godoro.

"Daktari wa simu ameanza," shemeji akasema. Wakacheka.

Nilimwaga wimbi kwenye sahani, nikaiinamisha; punje zikakimbilia upande mmoja. Nikasema, seli mama za damu zikikuzwa kwenye sahani bapa ya maabara hazidumu kuwa mama. Hugeuka upesi kuwa seli za kawaida, na uwezo wa kuzaa damu mpya unaisha. Kisha nikasugua wimbi kwenye sponji, nikaitikisa. Punje nyingi zilibaki ndani. Ndani ya mfupa ndivyo kulivyo, vyumba vidogo vidogo. Ndiyo maana watafiti huunda kiunzi chenye matundu, wakapanda seli humo, zikae kama ziko nyumbani. Sponji ilipita mkono kwa mkono. Mama mkwe wa dada aliinusa. Nilifurahi, sikatai.

Kwamba huu bado ni utafiti, kwamba dada hawezi kuingojea damu ya namna hiyo, nilisema. Nilisema mwishoni, chai ikimiminwa.

Jumanne nilisimama mlangoni pa benki ya damu tangu saa mbili asubuhi, orodha mkononi. Hakuja hata mmoja. Saa tano nikampigia shemeji.

"Lakini Mwalimu, si ulisema damu siku hizi inapandwa? Hata ulituonyesha. Tukaona tumalize kwanza kupukuchua mahindi."

"Nilisema ni utafiti!"

"Hiyo sikusikia. Mimi nilisikia sponji."

Niliingia nitoe yangu. Muuguzi akaangalia kadi, akanirudisha. Nilikuwa nimetoa mwezi uliopita. Friji ina kidogo, akasema, na wa ajali watangulie.

Dada alikuwa wodini, midomo imepauka. Nilimweleza, nikawaita watu wa mumewe wajinga. Akafumbua macho.

"Uliwafundisha vizuri," akasema. "Ungewaomba tu, wangekuja."

Nilimkasirikia yeye pia, kwa sababu alisema kweli.

Kesho yake nilifika Ziwa mapema. Niliwakuta kwenye mashine ya kupukuchua, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope.

"Umekuja na sponji?" shemeji akapaza sauti.

"Zima mashine."

Akaizima. Nikawaambia dada yangu hana damu, wapande gari. Sikueleza kitu kingine. Walipanda sita, na vumbi lao.

Kwenye benki ya damu, shemeji alilazwa kitandani, sindano mkononi, akawakonyeza wenzake. "Mwalimu, sasa hii inaenda kwa sponji gani?"

Wakacheka tena. Mimi sikucheka.

"Inaenda kwa mke wako," nikasema.

Si sahihi. Damu yake ingeingia kwenye hazina ya wote, na dada angepewa ya mtu mwingine inayolingana na kundi lake. Ninajua hivyo, nimeandika kwenye daftari. Nilifunga mdomo. Naye akaanza kukunja na kukunjua ngumi kama alivyoelekezwa, mpaka mfuko ukajaa.